Jina Jeupe Ukutani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye meza ileile ya jikoni inayoyumba mguu mmoja, ambayo uliahidi kuitengeneza kabla hujasafiri na bado tunakusubiri. U hali gani? Kifua kimepona? Wewe unayeshinda wodini ukiwapima watu presha, sijui yako hupimwa na nani. Msalimie shemeji, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka, hata yule mdogo aliyenicheka kwenye simu kwamba sauti yangu ni ya mwanamume.

Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Goti lake humsumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Mimi nimejaa vumbi la mawe kama ulivyoniacha, na bado sijaolewa, kwa hiyo hilo usiliulize, tumelimaliza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu nitapiga nikiwa sebuleni na mama yupo chumbani, na ukuta wa katikati unaujua. Isitoshe, kwenye simu wewe hukatiza. Kwenye barua utanivumilia hadi mwisho, upende usipende.

Habari yenyewe ni ya ukuta wa kumbukumbu. Ulikuwa umeshaondoka ulipojengwa, umeuona kwenye picha tu, kwa hiyo acha nikueleze vizuri. Upo kwenye bustani ndogo mbele ya lango la kiwanda cha shaba, ng'ambo ya barabara. Tanuri lilipopasuka na baba na wenzake wasitoke, kiwanda kilijenga ukuta huo wa marumaru nyeupe na kuagiza majina yao yachongwe. Kazi ilipewa fundi aliyenifundisha, na tulipofika kwenye jina la baba aliweka patasi chini akaenda kununua sigara, naye hakuwa mvutaji. Nililichonga mimi. Lipo safu ya juu kabisa, chini ya ukingo, mahali ambapo mvua haifiki. Nilifurahi lilipoangukia hapo. Nilidhani ni mahali salama.

Marumaru, kaka, ina sura ya jiwe lakini ndani ni chokaa. Moshi wa kiwanda una salfa. Ukikutana na unyevu wa hewani hugeuka tindikali, dhaifu mno, haikuchomi hata ukiishika, ila jiwe inalijua. Mvua inapopiga, uso wa jiwe huyeyuka polepole na kusombwa. Ukipitisha kidole unabaki na chenga kama za sukari. Pale pasipofikiwa na mvua, jiwe hugeuka jasi, kitu laini kama chaki, jasi inanasa masizi, na baada ya miaka unapata gamba jeusi ambalo sisi mafundi tunaliita ukoko. Neno hilo nimelijutia. Ukoko wa sufuria unaukwangua na sufuria inabaki sufuria. Ukoko wa jiwe ukiukwangua, unaondoka na uso wake.

Manispaa ndiyo iliyonipa kazi ya kuutunza ukuta huo, kwa hiyo nimeyaona majina yakifa mbele ya macho yangu. Herufi nilizozichonga kwa makali sasa zina mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Siwezi kukuficha kwamba jambo hili lilinipandisha hasira kila asubuhi. Waliwaunguza mara moja, nikawa nasema, sasa wanawafuta. Nililisema kazini, nikalisema sokoni, mwishowe nikalisema kwa Mwalimu.

Mwalimu unamkumbuka, yule aliyekuchapa kwa kuuza majibu ya hesabu. Amestaafu, amekuwa mvi tupu, na mjukuu wake anakohoa usiku hadi anatapika. Ndiye aliyewakusanya wakazi kudai kiwanda kifunge mtambo wa kuosha moshi kabla haujatoka kwenye bomba. Miaka yote kiwanda kimejibu kwamba kikohozi kina sababu nyingi, vumbi, jiko la mkaa, baridi. Mwalimu aliponisikia alisema tumepata shahidi asiyevuta sigara wala kupika kwa mkaa. Alimaanisha ukuta. Nikampimia kina cha herufi, jina baada ya jina, nikapiga picha, nikaandika maelezo yangu na kutia sahihi.

Na jina lililoharibika kuliko yote lilikuwa la baba. Majirani zake kwenye safu ya juu wamefunikwa na ukoko mweusi lakini chini yake bado wanasomeka. Baba alikuwa mweupe, laini, amebonyea kama pipi iliyomung'unywa. Herufi mbili za mwisho ukizitazama saa sita mchana huzioni kabisa. Nikaandika kwamba ukoko wake umebanduka wenyewe, jambo ambalo hutokea kweli, na kwamba jiwe lililobaki wazi likaliwa kwa kasi. Mwalimu akaikuza picha ile, akaibandika kwenye mbao za matangazo mji mzima. Gazeti likaichapa. Watu wakaanza kuniita binti wa jina jeupe. Sikukasirika, nitakwambia kweli. Nilitembea kichwa juu.

Manispaa ikaunda kamati ya kusikiliza pande zote mbili, mwenyekiti wake mama mmoja mkavu asiyecheka hata akichekeshwa. Kabla ya kikao, kamati ilikuja kuukagua ukuta. Kiwanda kilileta wakili wao na mhandisi wao, kijana mpole mwenye viatu vilivyopauka. Wakili alipiga miayo muda wote. Mhandisi alichuchumaa, akainuka, akaniuliza kwa adabu kabisa kwa nini ukoko ubanduke kwenye jina moja tu na si kwa jirani yake wa kushoto wala wa kulia, na kwa nini kuna michirizi myeupe inayoshuka kutoka kwenye jina hilo hadi chini, wakati mvua haifiki pale. Nilimjibu kwa ukali kwamba kama angetumia akili hiyo kwenye bomba lao tusingekuwa hapa. Watu wakacheka, yeye akainamisha macho. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema kuitazama ile michirizi jua likiwa bado chini, maana mwanga wa ubavuni huonyesha kila mkwaruzo. Nilijua mama naye huenda Jumamosi, anasema anakwenda kumsalimia baba, lakini sijawahi kumfuata. Nilidhani ni maongezi ya mtu na mumewe.

Nilimkuta amepanda kigoda, na goti lile, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine una nusu ya ndimu. Alikuwa ameichovya kwenye chumvi na analisugua jina la baba kama anavyosugua sufuria zake, kwa kuzungusha, herufi baada ya herufi. Kwenye mfuko alikuwa na brashi ya nguo na chupa ya maji ya kusuuzia. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Alifurahi. Alisema nimekuja wakati mzuri, akanionyesha povu dogo lililokuwa likichemka chini ya ndimu, akaniambia nitazame uchafu wao unavyotoka. Alisema wenzake baba wanasikitisha, wameachwa weusi hivyo kama hawana watu, lakini yeye hawezi kumwacha mume wake na masizi usoni, baba alikuwa mtu msafi, hata kiwandani alikwenda na shati lililopigwa pasi.

Lile povu halikuwa uchafu, kaka. Lilikuwa marumaru. Ndimu ni tindikali, kama ile ya moshi, tena kali zaidi, na jiwe halijui nani kaileta kwa upendo na nani kaileta kwa faida.

Mama akaniomba nimshikie kigoda kwa sababu kinacheza. Nikakishika. Nilikishika hadi akamaliza, akasuuza, akafuta kwa kitambaa, akashuka. Nilimbebea mfuko hadi nyumbani. Njiani alizungumza habari za bei ya vitunguu na mimi nikajibu.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, na alipokiweka chini chai ilikuwa imepoa. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia hakuna. Akasema basi funika kombe mwanaharamu apite. Alisema moshi ni kweli, kikohozi ni kweli, majina mengine yanaliwa ni kweli, je, kwa sababu ya nusu ya ndimu ya mama mjane tuuzike ukweli wote huo? Alisema wakili hatauliza majina mengine, atachukua ndimu moja na kuwapaka nayo watu wote usoni. Halafu akataja jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilikwepa: kwamba nikilisema ukumbini, mji mzima utajua kuwa mke ndiye aliyelifuta jina la mumewe, na yeye mwenyewe atajua. Usimchukie Mwalimu. Si mwongo, ni mtu aliyechoka kushindwa. Na mle ndani mjukuu wake alikuwa akikohoa, nikitaka nisitake nilimsikia.

Siku zilizobaki kabla ya kikao niliishi na mama kama mtu aliyemficha mgonjwa majibu ya hospitali. Wewe kazi hiyo unaijua. Kila alipofungua mdomo nilidhani anajua. Kila nilipofungua wangu nilitoa maneno mengine, mara chumvi imezidi, mara fundi bomba hajaja. Usiku mmoja nilimwita kabisa, akaja, akakaa, akanitazama, nikamuuliza kama goti limepata nafuu.

Siku ya kikao mama alisema hatakuja, ngazi za ukumbi ni nyingi. Hilo lilinipa nguvu. Niliamua nitasema kweli, kisha nitarudi nyumbani nimwambie mwenyewe, polepole, kabla mtu mwingine hajamfikishia. Sikuweza kutia sahihi yangu kwenye jambo nililojua si kweli. Fundi akidanganya kuhusu jiwe, kesho litamwangukia mtu. Hivyo ndivyo nilivyojipa moyo.

Wakaniita. Nikaapa. Wakili akasimama, safari hii hakupiga miayo, akainua ile picha ya jina jeupe na kuniuliza kama bado nashikilia kwamba moshi wa kiwanda peke yake ndio uliofanya vile. Na hapohapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, mama akaingia ameshikwa mkono na Mwalimu. Mwalimu alikuwa amemfuata nyumbani kwa teksi. Alitaka mjane akae mbele, kamati imwone. Na nadhani pia alitaka mimi nimwone. Amevaa lile gauni lake la zambarau, kitambaa kipya kichwani. Watu wakampisha. Akakaa safu ya kwanza, akanitikisia kichwa kama anavyofanya tukiwa na wageni, maana yake kaa sawa, zungumza vizuri.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalotaka ulisikie kwangu. Ningeweza kuomba maji. Ningeweza kusema naumwa tumbo, mwenyekiti angeahirisha, ningekwenda na mama koridoni, ningemshika mikono, ningemwambia. Dakika chache tu. Sikuomba. Niliogopa kwamba nikimtazama machoni karibu vile sitaweza kusema kabisa, si kwake wala kwa kamati. Kwa hiyo nikamtazama mwenyekiti na kusema. Nilisema kwamba jina hilo limesuguliwa kwa ndimu, kwamba nimeshuhudia kwa macho yangu, kwamba anayelisugua ni mjane wake, na kwamba hakujua anafanya nini. Nilipata ujasiri wa kuwaambia watu wenye tai, nikaukosa wa kumwambia mama yangu jikoni.

Wakili hakungoja nimalize. Alitabasamu, akasema basi wakazi waambiwe waache kuosha kuta kwa viungo vya saladi, na upande wake wakacheka. Nilipandisha sauti. Nilisema safu ya baba iondolewe yote kwenye vipimo, na kamati ilipime jina la mpishi wa kantini, lile la chini kabisa pembeni. Yule hakuwa na mke wala mtoto wala ndugu aliyejulikana. Hakuna aliyewahi kumletea ua, sembuse ndimu. Na jina lake nalo halina makali tena. Mhandisi yule mpole, sitamsahau, ndiye pekee upande wao aliyeandika nilichosema. Mwenyekiti akaamuru majina yasiyoguswa na mtu yapimwe upya na mtaalamu wa nje, kisha akafunga kikao. Majibu bado hayajatoka, kwa hiyo siwezi kukwambia tumeshinda au tumeshindwa.

Mama hakulia ukumbini. Alisubiri watu watoke, akashuka ngazi moja moja bila kushika mkono wangu. Kwenye teksi alitazama dirishani. Tulipofika alivua kitambaa, akakikunja, akakaa kwenye meza hii ninayoandikia, na akaniuliza swali moja tu: kwa nini ulinishikia kigoda?

 

Tangu hapo ananijibu nikimsalimia, ananipakulia chakula, lakini maneno ni ya kuhesabu. Gazeti liliandika kichwa cha habari kuhusu ndimu, kwa herufi kubwa kuliko zile za baba. Sokoni muuza matunda alimuuliza kwa mzaha kama ndimu ni za kupikia au za ukutani. Mama alilipa, akachukua chenji, akarudi na ndimu zake nyumbani, na zimekauka kwenye kapu hazijaguswa. Jumamosi haendi tena. Mwalimu akiniona anavuka barabara.

Juzi kiwanda kilimtuma mtu na barua yenye muhuri. Wanajitolea kuondoa kipande cha baba na kuweka kipya cha graniti, jiwe gumu lisilodhurika na ndimu wala moshi, na kuchonga jina upya bila gharama yoyote kwetu. Kazi nzuri, ya mashine. Nilimsomea mama. Nilifikiri atakubali, na kweli yangu nilitaka akubali, ili kitu kile kiondoke machoni petu. Aliniuliza kama mimi naweza kulichonga upya palepale. Nikamwambia jiwe limeshakuwa jembamba, nikilikata tena nitafika ndani ambako halina nguvu, litabomoka.  Akasema mwambie huyo mtu arudi na graniti yake. Wakiweka jipya, nani atajua kilichotokea hapa?

Halafu ndipo akaniambia nikuandikie wewe. Na hapa, kaka, samahani, sitapunguza neno, kwa sababu aliniagiza nisipunguze. Anasema kila unapopiga simu humuuliza kama jina la baba bado linang'aa. Hukuwepo kwenye mazishi, anaelewa, ndiyo maana unauliza. Mwanzoni lilikuwa linang'aa. Lilipoanza kuwa jeusi hakutaka kukwambia uongo, wala hakutaka kukwambia kweli, kwa hiyo akachukua ndimu, ili ukiuliza ajibu linang'aa na iwe kweli.

Maneno yake ni haya, nimeyaandika akiwa amesimama nyuma yangu: "Mwambie kaka yako jina la baba yake halipo tena. Wao walianza, mimi nikamalizia. Asiniulize kama linang'aa. Aje akae hapa kidogo, aniulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani, nimwambie, maana sasa limebaki kwangu tu, na mimi nazeeka."

Amesoma nilivyoandika, akasema herufi zangu za kalamu ni mbaya kuliko za patasi. Ukiacha huo ujumbe wako, ni sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia tangu kikao. Naomba likizo uichukue, hata ya siku chache. Wape salamu wote wa nyumbani kwako, na jirani yako yule aliyetutumia dawa ya goti mwambie imesaidia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Patasi